UZI: Filamu za sherehe iliyoharibika. Kwa nini tunacheka nyumba ya mzee ikiteketea?

Kiti cha Nyuma (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Natahadharisha mapema: humu natoboa mwanzo, kati na mwisho. Kama hupendi kusimuliwa filamu kabla hujaiona, pita kwa amani.

Juzi usiku nimeirudia Hoří, má panenko ya Miloš Forman, ambayo wengi wanaijua kwa jina la The Firemen's Ball. Ni ya Czechoslovakia, mwaka 1967. Hii ilikuwa mara ya nne, na mara zote nne nimecheka pale pale. Nyumba ya mzee mmoja inateketea usiku, kumejaa theluji, mzee ameketishwa nje kwenye kiti anatazama. Mtu mwenye huruma anaona mzee anasikia baridi. Basi wanambeba na kiti chake wanamsogeza karibu na moto. Moto wa nyumba yake mwenyewe.

Safari hii nikajiuliza: mimi ni mtu wa namna gani?

Kwa ambao hawajaiona: kikosi cha wazima moto wa mji mdogo kinaandaa dansi yake ya kila mwaka. Humo humo wanataka kumkabidhi mwenyekiti wao wa zamani, mzee wa miaka 86, kishoka kidogo cha heshima. Mzee ana saratani. Kamati inajua, mwenyewe hajaambiwa. Kuna bahati nasibu, na zawadi zimepangwa mezani. Kuna shindano la urembo. Na kuna kamati, tena kamati yenyewe ni ya wanaume wazima walioshiba umuhimu wao. Filamu haijafika popote, bango la sherehe limeshaungua mbele ya macho yao na mitungi ya kuzimia moto haifanyi kazi. Wazima moto hao! Kufika katikati ya usiku zawadi zinayeyuka mezani moja moja, warembo wametoroka jukwaani na kujifungia chooni, na king'ora kinalia. Gari la zimamoto linanasa kwenye theluji. Wanaanza kurushia moto theluji kwa koleo.

Sasa angalia wanachofanya baada ya hapo. Wanarudi ukumbini na kumchangia mzee aliyeunguliwa. Wanamchangia nini? Tiketi za bahati nasibu. Ya zile zawadi ambazo zimeshaibwa. Na mzee anazipokea, anasema anahitaji pesa na hizo tiketi hazimsaidii kitu.

Hoja yangu ni hii. Katika filamu za namna hii balaa peke yake halichekeshi. Nyumba ikiungua ni msiba. Tunachocheka ni ratiba kukataa kusimama. Watu wameshaandaa hotuba, wamevaa, meza zimepambwa, mshereheshaji ana karatasi yake mkononi, kwa hiyo hata dunia ikipasuka katikati, kipengele kinachofuata lazima kifuate. Lugha yetu inaijua tabia hii zamani: funika kombe mwanaharamu apite. Filamu hizi zinatuonyesha kombe likifunikwa huku mwanaharamu amekaa meza kuu, wala haondoki.

Karibuni tubishane.


Siti ya Mbele

Naweka kambi. Lakini mkuu umenimalizia uhondo wa kiti na moto, hiyo sikusamehe.


Mzee wa Subtaito

Mleta uzi, umeanza na filamu yenyewe. Niongeze kidogo pale ulipopita haraka.

Forman na wenzake wawili, Ivan Passer na Jaroslav Papoušek, walikwenda mji wa Vrchlabí kuandika filamu nyingine kabisa. Kazi ikawagomea. Jioni moja wakaingia kwenye dansi ya wazima moto wa pale, wakarudi hawana habari tena na ile hadithi ya kwanza. Wakaandika hii. Na wengi mnaowaona kwenye kamati hawakuwa waigizaji wa kazi, walikuwa wazima moto wa kweli wa mji huo. Ndiyo maana nyuso zile hazina uigizaji: yule anayekodoa macho hivi, kila mtu kwenye kikao chake yupo mmoja.

Mtoa fedha wa Italia, Carlo Ponti, hakuipenda akataka pesa zake. Waliookoa jahazi ni Wafaransa, François Truffaut na Claude Berri, walionunua haki za kuionyesha nje. Nyumbani wakubwa walijiona humo ndani, na baada ya majeshi ya Kisovieti na washirika wake kuivamia nchi mwaka 1968 ikapigwa marufuku. Huku nje ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Forman akaishia Marekani, mengine mnayajua.

Kuhusu hoja yako ya ratiba, nina ushahidi mzuri zaidi ya ule wa kiti. Kamati inatangaza kwamba taa zitazimwa, aliyechukua zawadi airudishe gizani bila kuaibika. Taa zinazimwa. Zinapowaka, meza imekuwa tupu kuliko mwanzo, na aliyenaswa ni mtu mmoja tu, yule aliyekuwa akirudisha kitu: mlinzi wa zawadi mwenyewe, anarudisha nyama aliyoiiba mkewe. Anazimia pale pale. Kisha kamati inajifungia kikao, na kuna mmoja anayemlaumu kwa kurudisha! Kwake yeye heshima ya kikosi ni kubwa kuliko ukweli. Kile kikao ndicho kilichoiponza filamu, si moto.


Msumari

Nyote mnachagua mifano mitamu. Hoja ya ratiba ni nzuri kwa filamu ya wezi wa zawadi. Ipeleke kwenye Festen tuone kama itatembea. Pale kuna mtoto aliyeharibiwa na baba yake mzazi. Utacheka ratiba? Mimi nikisikia mtu anaiita Festen komedi nyeusi, yaani ya kuchekea mambo ya kutisha, namwona hana utu.


Kiti cha Nyuma

Msumari, ukweli ni kwamba nilikuwa naiogopa, ndiyo maana sikuitaja. Ngoja nijaribu.

Kwa wengine: Festen ni ya Thomas Vinterberg, Denmark, 1998, filamu ya kwanza kabisa ya Dogme 95, lile kundi la waongozaji wa Denmark waliojiwekea masharti kama watu wa toba. Kamera ishikwe mkononi, hakuna taa za kuongeza, hakuna muziki wa kubandika, jina la mwongozaji lisiandikwe. Baba tajiri anatimiza miaka 60. Familia yote imekusanyika. Christian, mtoto wa kiume mkubwa, anasimama, anagonga glasi, anamwambia baba achague kati ya karatasi mbili za hotuba, ya kijani na ya njano. Baba anachagua ya kijani. Christian anaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma hotuba ya kawaida ya bethidei: kwamba baba alikuwa akiwanajisi yeye na dada yake pacha walipokuwa watoto. Dada huyo amejiua si muda mrefu.

Hapo sicheki. Hakuna anayecheka.

Lakini angalia dakika mbili zinazofuata. Ukimya, kisha mtu anakohoa, kisha babu anasimama kusema yake, kisha watu wanarudi kwenye sahani. Mshereheshaji anatafuta mahali alipoishia. Christian anasimama tena. Na tena. Mama anatoa hotuba, anamtaka mwanawe aombe radhi, na anasema kwa adabu ya kuumiza meno. Baadaye mdogo wake wa kiume na wageni wengine wanamburuta nje na kumfunga kwenye mti msituni, ndani karamu inaendelea. Kicheko kinachonitoka kwenye filamu ile hakimgusi Christian hata kidogo. Kinawagusa walioshika uma.

Halafu asubuhi yake. Ukweli umeshajulikana, barua ya marehemu imeshasomwa mbele ya watu. Baba anakuja kwenye kifungua kinywa, anasimama, anakiri mbele ya wote. Mtoto mdogo wa kiume, Michael, yule mkorofi, anamwendea na kumwomba aondoke. Anampa sababu gani? Aondoke ili watu waweze kula. Mwenye kosa la kutisha kuliko yote anatolewa nje kwa sababu anachelewesha chai. Msumari, mimi pale nilicheka, na nilijisikia vibaya, na sidhani kama Vinterberg aliniwekea mstari ule kwa bahati mbaya.


Msumari

Hicho si kicheko, hicho ni pumzi iliyokuwa imebanwa. Usitupe jina la komedi kwa sababu pumzi imekutoka.


Mzee wa Subtaito

Msumari nakuelewa, ila ujue pia kilichotokea nyuma ya filamu ile. Vinterberg alipata kisa hicho kutokana na kijana aliyesimulia redioni kwamba yalimpata yeye kwenye bethidei ya baba yake wa kambo. Miaka kadhaa baada ya filamu kutoka ikabainika kwamba kijana alikuwa ametunga. Yaani filamu nzima kuhusu hotuba ya ukweli imezaliwa na hotuba ya uongo. Ukitaka ucheshi mweusi, huo hapo, na haujaandikwa na mtu.

Na masharti yao yale ya toba? Vinterberg mwenyewe alikuja kukiri kwamba katika tukio moja aliziba dirisha, kosa kwa mujibu wa kiapo cha Dogme, maana kuchezea mwanga hakuruhusiwi.


Bibi Harusi Mtoro

Mmeongea wanaume wa kamati na baba wa Denmark mpaka basi. Mbona hamjagusa harusi? Harusi ndiyo sherehe mama, na filamu bora ya harusi iliyoharibika ina urefu wa kama nusu saa tu: kisa cha mwisho cha Relatos salvajes, filamu ya visa sita ya Damián Szifron, Argentina, 2014.

Romina anagundua ukumbini, akiwa amevaa shela, kwamba mumewe wa saa chache ana mwanamke, na mwanamke huyo amekaa meza ile pale kama mgeni mwalikwa. Anavyogundua ni kitu kidogo: kuna namba ya simu anayoifahamu, aliambiwa ni ya mwalimu wa gitaa. Anaipiga huku anatazama meza. Mwanamke anashika simu yake.

Sasa mleta uzi, hapa hoja yako inachechemea. Unasema ratiba inakataa kusimama na watu wanaitii. Romina haitii. Anakimbilia paa la jengo, analia, anakutana na mpishi, mambo yanakuwa mambo, mume anawafuma. Anamwambia mume waziwazi jinsi atakavyomfilisi. Kisha anashuka kurudi ukumbini, na anafanya nini? Anaanzisha muziki! Anamnyanyua yule mwanamke acheze naye, wanazunguka, wanazunguka kwa kasi, mpaka anamrusha kwenye kioo. Na katikati ya kilio na damu anamwita mpiga video kwa jina, Néstor, anamwagiza arekodi.

Huyo si mtumwa wa ratiba. Ameinyakua karatasi ya mshereheshaji.


Kiti cha Nyuma

Bibi Harusi, umenikamata. Nakubali, nilikuwa naona upande mmoja wa shilingi. Kumbe ratiba inaweza kutumika kama silaha. Hata Christian, ukitazama vizuri, hakuvunja utaratibu wowote: aligonga glasi, akasimama, akasoma hotuba kwa zamu yake. Alichofanya ni kuutumia utaratibu uliowazuia wengine wasimkatize. Huwezi kumkatiza mtu anayetoa hotuba ya pongezi. Ningeandika uzi huu upya ningeanzia hapo.

Na yule Néstor anaendelea kushika kamera kama alivyolipwa! Sherehe imekufa lakini wa video yuko kazini.


Taa Imezimwa

Wakuu, mimi nimekuja kama mwanafunzi. Naandika filamu fupi ya sherehe, nimekwama mahali pamoja: kila nikifika kwenye balaa najiuliza, kwa nini wageni wasiondoke tu? Mtu mwenye akili anachukua koti lake anaenda zake.


Mzee wa Subtaito

Swali zuri kuliko hoja zetu zote. Huo ndio ufundi wenyewe wa aina hii: mlango.

Kwenye Festen mlango umefungwa na watu wa jikoni. Mpishi, Kim, rafiki wa Christian tangu utotoni, anawatuma wahudumu kwenye vyumba kuiba funguo za magari ya wageni. Basi. Hakuna wa kuondoka, hotuba zitasikilizwa.

Kwenye Ready or Not ya 2019 nyumba inafungwa kabisa na wakwe, bibi harusi anawindwa ndani usiku wa harusi yake kwa jina la mchezo wa kujificha. Hiyo ni njia rahisi, ya kufuli, na filamu inajua kwamba ni rahisi ndiyo maana inakwenda mbio bila kukupa nafasi ya kuuliza.

Njia ngumu ni ya Sally Potter, The Party ya 2017. Watu saba, nyumba moja, nyeusi na nyeupe, dakika 71 tu. Mwenye nyumba anasherehekea uteuzi wake wa kuwa waziri kivuli wa afya, yaani wa upande wa upinzani. Mume wake amekaa kwenye kiti anachezesha sahani za santuri, kisha anatangaza kwamba anakufa. Mlango uko wazi muda wote. Lakini utaondokaje kwa mtu aliyetangaza anakufa? Kisha anatangaza na jambo la pili, na hapo huondoki kwa sababu unataka kusikia. Ile filamu imefungwa kwa adabu na umbea, hakuna kufuli imara kuliko hizo.

Kwa hiyo ndugu, usiandike balaa kabla hujajua nani ana ufunguo.


Taa Imezimwa

Umbea kama kufuli. Naandika ukutani.


Msumari

Nimerudi. Nimekaa na jambo hili siku nzima, na alichosema Mzee kuhusu Kim kimenifungulia kitu ambacho nyote mmekipita, mimi pia.

Angalieni jikoni. Festen: mpishi anaficha funguo. Harusi ya Argentina: bibi harusi akiwa paa anafarijiwa na nani? Mpishi, hata jina lake sisi hatulishiki. Firemen's Ball: king'ora kikilia watu wote wanatimka, na wenye kuuza vinywaji wanahangaika kwa sababu hakuna aliyelipa, kisha mauzo yanahamia kule kule kwenye nyumba inayoungua. Nendeni nyuma zaidi, Rope ya Hitchcock, 1948: vijana wawili wamemnyonga mwenzao, wameuficha mwili kwenye kasha, na juu ya kasha wametandika kitambaa wakaandaa chakula cha wageni, baba wa marehemu akiwa mmoja wao. Sehemu inayokausha mate ni ipi? Ni pale mama mhudumu anapoanza kuondoa vyombo juu ya kasha, kimoja baada ya kingine, taratibu, ili arudishe vitabu mahali pake. Kamera imetulia, wageni wanazungumza, yeye anakwenda na kurudi. Anafanya kazi yake tu, na kazi yake ndiyo itakayofukua maiti.

Ndiyo maana mimi siwezi kuwacheka wale walioshika uma kwenye Festen, mleta uzi. Wewe unaitazama meza. Mimi naanza kuitazama kutokea mlango wa jikoni, na kutoka pale sherehe yoyote ni kazi ya zamu. Kim hacheki. Anasubiri kozi inayofuata.

Bado siiti komedi. Lakini sitasema tena kwamba anayecheka hana utu.


Bibi Harusi Mtoro

Msumari leo umegonga. Na kwenye Ready or Not wahudumu ndio wanaokufa kwanza, tena kwa makosa, na wenye nyumba wanagombana. Maiti inaburutwa huku wanasutana. Nilicheka hapo, sasa umenifanya niwe na mashaka.


Kiti cha Nyuma

Haya sasa, mtu mmoja ameharibu sherehe ya uzi wangu, na amepitia mlango wa jikoni.

Msumari, nakupa heshima yako. Ila nibakize kitu kimoja: yule mama wa Rope anatisha kwa sababu ratiba yake haijui kitu. Ratiba ya wageni ni kula, ya wauaji ni kujivuna, ya kwake ni kusafisha. Tatu zinatembea sebule moja. Mimi bado niko kwenye ratiba yangu, nimeongeza tu kwamba ziko nyingi.


Siti ya Mbele

Wakuu, nimetoka kuimaliza The Firemen's Ball sasa hivi. Saa moja na dakika kumi na kitu, nimedhani imekatwa kumbe ndiyo mwisho.

Kwanza, pale kwenye kiti na moto nilijua kinachokuja, mleta uzi ulishaniharibia, na bado nimecheka mpaka nikasimamisha. Wanamgeuza na kiti ili asitazame! Hilo hukulisema.

Pili, kuna pale mwisho. Ukumbi mtupu, kamati inamkumbuka mzee wa miaka 86 ambaye amesubiri usiku kucha. Wanamkabidhi kijisanduku. Anatoa hotuba ya shukrani, nzuri, ya mtu aliyeifanyia mazoezi nyumbani. Anafungua. Kishoka hakipo, nacho kimeibwa. Hapo sikucheka. Nimerudisha nyuma mara tatu kutazama uso wake.

Halafu ile picha ya kufungia, kitanda cha aliyeunguliwa kiko nje kwenye theluji na vitu vilivyookolewa, na mzima moto aliyewekwa kuvilinda amejilaza humo humo kitandani. Mzee anapanda, anajifunika upande wake. Theluji inaanza kuanguka.

Nani ana Relatos salvajes yenye tafsiri ya maandishi inayoeleweka? Niliyoipata mimi inamwita Néstor "bwana gitaa".